Saa Iliyohesabu Makofi

Ninaandika haya kwa simu, nimelala, simu nimeiegemeza kwenye mto wa pili. Nikifika mistari sita kidole kinakosea herufi na maneno yananikimbia, kwa hiyo naiweka chini hadi kesho. Kesho ikigoma, hadi keshokutwa. Ukiona mahali nimerukia jambo jingine bila kuaga, ujue hapo katikati nililala siku mbili.

Nimepanga chumba Mazwi, mtaa wa Sumbawanga, nyuma ya duka la mama mmoja wa Kiislamu anayeuza saa, chaja, redio na vikorokoro vya kila namna. Asubuhi nasikia baiskeli na pikipiki zikipita kwenda mjini, na nawaonea wivu mbaya wote walio juu yake. Siwaonei wivu afya yao. Nawaonea wivu uchovu wao. Jioni watarudi wamechoka, watakula ugali wao, watalala, na asubuhi uchovu hautakuwepo. Wangu unalala nami na unaamka kabla yangu. Huu ni mwaka wa nne.

Ulianza na homa ya mafua. Shule nzima tuliugua, walimu na watoto, na wote wakapona isipokuwa mimi. Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la tano. Wiki ya tatu baada ya homa nilisimama mbele ya ubao nikashindwa kukumbuka saba mara nane. Watoto wakacheka, nami nikacheka nao, nikakaa kwenye kiti kidogo nipumzike. Nilipotaka kuinuka, miguu ilikataa. Walimu wenzangu wawili walinishika mabega kunipeleka ofisini, na nakumbuka nilikuwa naona aibu tu, nikidhani ni jambo la siku moja.

Neno lenyewe ndilo lililoniponza mwanzoni. Nilisema "nimechoka", kwa sababu sikuwa na neno jingine. Mama yangu ni mkulima wa kijijini Mollo, anakaribia miaka sabini. Kila mwaka mvua zikielekea ukingoni anainama na jembe lake, anafyeka nyasi, anazifukia kwenye matuta makubwa ya duara kama walivyofanya wazazi wake, zioze humo ndani zirutubishe udongo. Hiyo ni kazi inayovunja mgongo wa kijana. Nilipomwambia nimechoka alikuwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua.

"Hata mimi nimechoka, mwanangu," alisema. "Nani hajachoka?"

Nikakaa kando yake, nikachambua naye.

Hospitali walinipima damu, mkojo, kifua, sukari, ini, figo, vyote vikatoka safi. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia, "Mwalimu, huna kitu. Punguza mawazo." Nikawapigia simu rafiki zangu wa chuo, waliotawanyika mikoani, nikawaeleza naumwa ugonjwa usioonekana nikiwa Sumbawanga. Wakaangua kicheko. Nchi nzima inatujua kwa uchawi kuliko inavyotujua kwa mahindi yetu. Mmoja akaniuliza nimemkosea bibi gani. Nilicheka, lakini nilipokata simu nililia, kwa sababu hata kurogwa kungekuwa afadhali. Aliyerogwa anaaminika kwamba anaumwa.

Mwalimu mkuu wangu si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuja mwenyewe chumbani, akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza kuwa kiti cha wageni, akakunja mikono. "Mimi nakuamini," akasema. "Lakini faili halijui kuamini. Niletee karatasi ya daktari bingwa, yenye jina la ugonjwa. Shule zikifunguliwa Januari bila karatasi, siwezi tena kukushikia nafasi." Ilikuwa Agosti, upepo wa baridi unapiga bati. Nilimwahidi karatasi. Sikujua itatoka wapi.

Nikaanza kulitafuta jina la ugonjwa kwenye simu. Kiingereza cha madaktari ni kigumu, na kichwa changu kilikuwa kimejaa ukungu. Aya moja iliweza kunichukua siku tatu. Nilikuwa naandika neno gumu kwenye karatasi, nalala, naamka, nalitafuta, nalisahau, nalitafuta tena. Lakini polepole nikaanza kujiona mle ndani. Nilisoma kwamba kuna watu duniani ambao baada ya homa hawarudi kuwa walivyokuwa, kwamba wakijikaza leo wanaanguka kesho au keshokutwa, na kwamba kipimo cha kawaida cha damu hakionyeshi chochote. Nilisoma kwamba kuna watafiti wanaompandisha mgonjwa kwenye baiskeli isiyokwenda, wanampima akikanyaga, kisha wanampandisha tena siku ya pili. Mzima anaweza kurudia alichofanya jana. Wengi wenye ugonjwa huu hawawezi.

Kipimo hicho mimi nilikuwa nimekifanya bila baiskeli. Jumatatu moja nilibeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni, hatua thelathini. Jumatano sikuweza kushika kijiko, mama mwenye nyumba akaninywesha uji. Niliposoma habari ya ile baiskeli niliweka simu kifuani nikalia kwa furaha. Kuna mtu mahali fulani aliyeniandika bila kuniona.

Niliandikia watafiti wengi na wengi hawakujibu. Mmoja alijibu. Alikuwa dada wa hapahapa nchini, sauti yake laini, mwenye subira, anayefanya kazi na wenzake wa nje. Walikuwa wanatafuta watu wenye hali kama yangu. Utaratibu aliueleza vizuri: kwanza fomu, kisha nivae saa yao kwa wiki mbili na kuandika daftari la shughuli zangu. Ambao saa na daftari vitaonyesha kweli hawana nguvu, wataitwa kwa vipimo vikubwa na watapewa barua ya daktari bingwa.

"Barua itakuwa na jina la ugonjwa?" nikamuuliza.

"Itakuwa nalo, dada."

Nilimwomba aseme tena, akasema tena. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kitu kimoja tu cha kutaka duniani.

Fomu ilinichekesha hadi mbavu zikauma. Waliuliza kama naweza kupanda ngazi za ghorofa moja. Ghorofa ninayoijua ni ya benki, na sijawahi kupita ya chini. Waliuliza kama nashindwa kusukuma mashine ya kusafishia zulia. Waliuliza habari za gofu. Hakuna aliyeuliza kama naweza kusonga ugali, kuchuchumaa chooni na kuinuka, au kuinama kufua. Nilipiga simu kuuliza nijaze nini kwenye gofu. Dada wa utafiti alicheka sana, akaniambia nikisie. Nikajaza kwamba gofu inanishinda kabisa, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Saa ilikuja kwa basi. Mama mwenye nyumba alinichukulia kifurushi stendi, akaigeuzageuza kwa jicho la mfanyabiashara, akasema haiuziki. Ilikuwa mkanda mweusi na kioo cheusi kisichoonyesha namba yoyote. Maelekezo yalikuwa mafupi: uvae mkono wa kushoto, usivue hata ukioga, uendelee na maisha yako ya kawaida.

Mama alikuja Alhamisi, siku niliyoivaa, na unga wa ulezi. Akaiona kabla sijamwamkia sawasawa.

"Mbona hii saa haisemi saa?"

"Ni ya madaktari, mama. Inaangalia ninavyoishi, siku nzima. Wiki mbili zikiisha wataisoma, ndipo wataamua kama wanitibu."

Akaigusa kwa kidole kimoja, akarudisha kidole haraka. Nilidhani ataisalimia. Kisha akaniuliza inaanza kuangalia lini, nikamwambia imeshaanza, akafunga khanga yake vizuri na kuondoka bila hata kunywa chai.

Wageni walianza Jumamosi.

Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze. Salamu ya Kifipa haiishii mdomoni. Mtu akiingia kwa heshima anachuchumaa, anakutanisha viganja, anapiga makofi ya taratibu, na wewe unamjibu kwa makofi yako. Mnaulizana habari za nyumbani, mnapiga. Za shambani, mnapiga. Za waliobaki, mnapiga. Akiingia mkubwa mwingine mnaanza upya, na wakiaga ni hivyo hivyo. Mgonjwa anasamehewa kuchuchumaa. Mikono haisamehewi, labda awe amekata kauli.

Jumamosi walikuja wanawake watano wa jumuiya yetu ya kanisani. Jumapili baada ya misa walikuja kumi na wawili kutoka Mollo, wamepakiana nyuma ya kigari cha mahindi, wakajaa chumbani hadi uani. Jumatatu wakaja wajomba. Katikati ya wiki wakaja watu niliokuwa sijawaona tangu kipaimara changu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimelala humo nikihesabu misumari ya bati, na sasa mlango haukufungwa. Nilijibu kila mmoja. Nililelewa na mama yangu, sikuweza kumwacha mtu mzima amechuchumaa anapiga makofi peke yake. Kufika mgeni wa nane mabega yanawaka moto, kufika wa kumi siyahisi tena.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilidhani watu wameanza kuniamini.

Wakiondoka naanguka. Wiki ya pili sauti ilipotea, nikawa naongea na mama mwenye nyumba kwa macho. Kila jioni nilijitahidi kujaza daftari la watafiti. Palikuwa na safu ya shughuli, na kila siku niliandika kwa mwandiko wa kukwaruza: hakuna. Nimelala kutwa. Hakuna. Nimelala kutwa. Sikuandika wageni hata siku moja. Nani anaandika salamu kama kazi?

Nilirudisha saa kwa basi, nikangoja. Novemba mvua zilianza. Desemba, shule zikiwa zimefungwa, barua ilikuja kwenye simu, kwa Kiingereza cha adabu sana. Walinishukuru kwa ushiriki. Walisema mwendo wangu kwa mujibu wa saa unakaribiana na wa mtu mwenye afya. Walisema daftari langu haliendani na saa. Hawakusema mimi ni mwongo. Watu wastaarabu hawasemi. Walisema hawataweza kuendelea nami.

Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali nilipokosea Kiingereza. Chini yake waliambatisha grafu. Nimefundisha grafu miaka kumi na moja, na hiyo niliielewa licha ya ukungu wote kichwani. Ilikuwa tambarare tupu siku mbili za kwanza. Jumamosi saa tisa alasiri kilisimama kilima. Jumapili mchana ukasimama mlima. Jumatatu kilima. Nililitazama lile jambo kwa muda mrefu, kisha nikatazama viganja vyangu.

Nilimwomba mama mwenye nyumba aniazime saa moja ya dukani, zile zinazohesabu hatua. Akaniletea ya bei nafuu kabisa, akanifunga mwenyewe. Ilisoma sifuri. Nikiwa nimelala, kichwa kwenye mto, nilipiga makofi arobaini ya taratibu, kama ya kumjibu mjomba. Ikasoma thelathini na sita.

"Umetembea," akasema mama mwenye nyumba.

"Nimetembea hadi Mollo," nikamwambia. Alicheka, akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Nilimpigia dada wa utafiti nikamweleza yote: salamu, wageni, makofi, daftari. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema kwamba ananiamini, kwamba yeye mwenyewe bibi yake wa kijijini huko kwao hupiga goti. Lakini hatua hiyo ilikuwa imefungwa, na kanuni iliandikwa mapema: saa na daftari vikubaliane. Aliahidi kuliandika jambo langu kwenye ripoti, ili watakaokuja siku nyingine na saa zao waulize kwanza watu wa mahali husalimiana vipi.

"Kwa hiyo nitakuwa maelezo ya chini ya ukurasa," nikasema.

"Dada, hata hiyo inasaidia."

"Inamsaidia nani?"

Nilikata simu. Kesho yake nilimtumia ujumbe wa kuomba radhi, kwa sababu hakuwa na kosa, na kwa sababu adabu ni ugonjwa wangu mwingine. Sijawahi kuwa na hasira kama ile. Ningekuwa mkorofi, ningekuwa mtu wa kugeukia ukutani wageni wakiingia, leo ningekuwa na karatasi yangu. Sasa karatasi pekee niliyokuwa nayo kutoka kwa wataalamu ilisema mimi ni mzima, na hiyo sikuweza kumpelekea mwalimu mkuu. Shule zilifunguliwa Januari. Alinitumia ujumbe mfupi wa pole. Darasa la tano wana mwalimu mwingine wa hesabu, kijana, nasikia anaimba nao jedwali la saba.

Huwa nasoma bado, lakini sitafuti tena jina langu humo. Napitisha macho tu. Watu wenye ugonjwa huu wanaandikiana kwenye mtandao, kila mmoja kwenye kitanda chake, nchi mbalimbali, na wengi wao wamengoja kuliko mimi. Zamani walinitia moyo. Siku hizi nahesabu miaka waliyolala, kisha naizima simu.

Mama hakuja mwezi mzima kwa sababu ya palizi. Alikuja mwishoni mwa Januari, miguu ina tope hadi magotini, akaleta mahindi mabichi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa pembeni ya kitanda, akauliza alichokuja kuuliza.

"Saa yao ilisemaje?"

Nikamwambia bado nasoma majibu. Akaitikia kwa kichwa. Kisha, huku akimenya mahindi, akaanza kuniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Siku ile ya Alhamisi aliyoondoka bila chai, alipita nyumba kwa nyumba. Alianzia hapa Mazwi kwa wanawake wa jumuiya, akaenda Mollo akamaliza ukoo wote. Aliwaambia madaktari wa mbali wamemwekea binti yake saa inayoangalia anavyoishi, na itaangalia wiki mbili tu.

"Nikawaambia, jamani, isije saa ikasema mwanangu hana watu," alisema. "Mtu asiye na watu nani atahangaika kumtibu? Nikawaomba waje. Na walikuja, si uliona? Hata yule shangazi yako mwenye miguu mibovu alikuja."

"Nilimwona, mama."

"Mimi sikuelewa huo uchovu wako," akasema. "Siuelewi hata leo. Lakini nilisema, kama hao wataalamu wanauelewa, basi nifanye la kwangu. Hebu nisomee majibu."

Miaka yote ile nilitaka aniamini, na kumbe alikuwa amenifanyia zaidi ya kuniamini. Alitembea Mollo yote kwa miguu kwa ajili ya jambo asilolielewa. Nilifungua barua nikaanza kumtafsiria, polepole, kwa sababu nilihitaji muda wa kutafuta namna ya kumweleza bila kumwambia kwamba ni wale wageni. Nilianza na shukrani zao. Kisha nikasoma sentensi ya pili, ile ya saa, kwamba mwendo wangu unakaribiana na wa mtu mwenye afya. Nilikusudia kuendelea. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema "lakini".

Mama alikuwa ameshaweka mahindi chini. Aliziba mdomo kwa kiganja, macho yakajaa machozi, na mara ya mwisho kumwona akilia ilikuwa tulipomzika baba. Akateremka kitandani, akapiga magoti sakafuni, yale magoti yaliyolima miaka hamsini, akakutanisha viganja na kuanza kupiga makofi ya taratibu. Akamshukuru Mungu. Akawashukuru madaktari. Akaishukuru na saa.

"Umepona, mwanangu," alisema. "Imeona yenyewe. Basi mwaka huu matuta tutalima wote, mimi na wewe."

Lile "lakini" lilikuwa bado mdomoni. Nilitazama mikono yake, ina tope kwenye kucha, inapiga, inasimama kidogo kunisubiri, inapiga tena. Nikatoa yangu chini ya blanketi nikamjibu.